Nyasi, ndago na wimbi mwitu: Alama za kuzitambua kabla ya jembe kushika kazi

Mvua ya masika inapokolea Nyamarambe, katika Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii, shamba la wimbi huota miche inayofanana kiasi cha kumbabaisha hata mkulima aliyezaliwa na kukulia humo. Baadhi ya miche hiyo ndiyo obori, nafaka ambayo Abagusii wamesongea ugali na kupikia uji tangu enzi za mababu. Mingine ni wimbi mwitu, ambalo litakomaa, limwage mbegu zake udongoni na kumwachia mwenye shamba masuke matupu. Mingine tena ni ndago, ambayo si nyasi hata kidogo japo kila mtu huiita nyasi. Palizi ya kwanza, ambayo katika boma nyingi ni kazi ya akina mama walioinama kutwa nzima, huwa basi ni mtihani mgumu. Ang'oaye asichokijua huenda akang'oa chakula cha wanawe na kulibakiza gugu.

Kosa la namna hiyo huuma zaidi katika eneo ambako ardhi imegawanywa baina ya wana na wajukuu hata vikabaki vishamba vidogo vidogo. Mwenye ekari hamsini anaweza kupoteza pembe moja ya shamba asitambue. Mwenye robo ekari hawezi.

Elimu ya kupambanua mimea hii haihitaji maabara. Mabingwa wa fani yenyewe huanzia papo hapo shambani, kwa macho, vidole na pua, na kioo cha kukuzia kikipatikana, basi kiwe cha kukuza mara kumi. Alama zenyewe si nyingi, ila zimejificha mahali ambapo wengi hawatazami: kwenye bua, kwenye ala ya jani, na pale jani linapoachana na bua. Wengi hungoja shuke litoke ndipo waanze kuulizana, na wakati huo gugu huwa limekwisha kufanya kazi yake.

BUA HUSEMA MENGI

Ulimwenguni kuna aina zipatazo 11,500 za nyasi, katika jamii ambayo wanasayansi huiita Poaceae, na aina zipatazo 5,500 za jamii ya ndago, Cyperaceae. Mahindi, mtama, wimbi, miwa, mpunga, ngano, mianzi na mabingobingo yote ni nyasi. Ndago kwa asili ni jina la gugu moja mashuhuri, lakini kwa kuwa Kiswahili hakina neno jingine lililozoeleka la ukoo mzima, hapa litatumika kwa ukoo wote, mafunjo ya ziwani yakiwemo.

Jaribio la kwanza ni kulishika bua baina ya kidole gumba na cha shahada kisha kulizungusha. Bua la nyasi huzunguka bila kukwama kwa sababu ni la mviringo, au limebonyea kidogo kama limekaliwa. Bua la ndago hukataa kuzunguka, kwani lina pembe tatu, na pembe hizo huhisika wazi kwenye ngozi hata kabla jicho halijaziona. Likikatwa kwa kisu, la nyasi kwa kawaida huonyesha tundu ndani mfano wa mwanzi, ilhali la ndago limejaa uboho mweupe toka ukingo hadi ukingo.

Jaribio la pili ni kutafuta vifundo. Nyasi ina vifundo vilivyovimba kila baada ya pingili, kama vya muwa, na kila jani huanzia kwenye kifundo. Bua la ndago linalobeba maua hupanda moja kwa moja toka chini hadi juu bila kifundo chochote njiani. Majani yake hutokea shinani, kisha mengine machache huchanua kileleni, chini ya maua, mithili ya mbavu za mwavuli.

La tatu ni kuutazama mmea kutoka juu, jicho likielekea chini. Majani ya nyasi hupangika kwa safu mbili, kushoto na kulia. Ya ndago hupangika kwa safu tatu, kila moja ikielekea upande wake. Huu ndio ushahidi wenye manufaa makubwa kwa mpaliliaji, kwa maana huonekana mche ukiwa bado mchanga, bua halijachomoza.

Mwisho kuna ala, yaani sehemu ya chini ya jani inayolikumbatia bua. Ala ya nyasi imepasuka upande mmoja, kingo zake zikipandana kama mikunjo ya kanga kiunoni, na huweza kubanduliwa bila kuchanika. Ala ya ndago ni bomba lililofungika pande zote, na haitoki mpaka ichanwe.

Kila kanuni ina wakaidi wake. Mahindi na miwa ni nyasi, lakini mabua yake yamejaa ndani, jambo ambalo watoto wa Nyamarambe wanaotafuna miwa wanalijua kuliko wanafunzi wengi wa botania. Kwa upande wa pili, kuna ndago za kinamasini za kundi la Eleocharis zenye mabua ya mviringo, majani yamepungua hadi kuwa vibomba vitupu shinani, na kikonyo kimoja cha maua kileleni. Wapo pia binamu wa mbali, Juncus, wenye mabua ya mviringo kama vijiti vya kusukia, lakini maua yao madogo yana vipande sita vilivyojipanga kama nyota, kitu ambacho hakipo kwa nyasi wala kwa ndago. Ndiyo maana alama moja haitoshi kutoa hukumu. Zikiafikiana tatu, mkulima aseme bila wasiwasi.

NDAGO NA MTEGO WA JEMBE

Mwaka wa 1977 LeRoy Holm na wenzake walichapisha kitabu kuhusu magugu mabaya kuliko yote duniani, na nafasi ya kwanza wakaipa ndago yenye jina la Cyperus rotundus. Walitaja nchi zaidi ya 90 zinazosumbuliwa nayo. Ya pili katika orodha yao ilikuwa Cynodon dactylon, ule ukoka unaotambaa katika nyua za shule na viwanja vya makanisa kote nchini.

Ubaya wa ndago hii uko chini ya udongo. Hutengeneza viazi vidogo vyeusi, vigumu, vilivyounganishwa na nyuzi kama shanga, na vingi vyavyo hukaa katika sentimita 15 za juu, pale pale jembe linapofika. Mradi mnyororo haujakatika, kiazi cha mbele huvizuia vingine kuchipua. Jembe likiukata, kila kiazi huwa huru na huchipua kivyake. Mkulima anayelima ndago mara moja na kuiacha huwa ameizidisha, kisha hulalamika kwamba shamba limerogwa.

Katika mashamba hayo hayo huota ndugu yake, Cyperus esculentus, na tofauti baina ya wawili hao yafaa kujulikana. Shuke la rotundus lina rangi ya hudhurungi iliyokolea, wakati mwingine ya zambarau, ilhali la esculentus ni la manjano mithili ya nyasi kavu. Ncha ya jani la rotundus hukatika ghafla. Ya esculentus huchongoka polepole hadi ikawa kama sindano. Likichimbuliwa shina, viazi vya rotundus huonekana vimefuatana kwenye uzi mmoja na vina uchungu vikionjwa, lakini vya esculentus huwa kimoja kimoja mwishoni mwa kila uzi na vina utamu. Huko Valencia, Uhispania, esculentus hulimwa kwa makusudi na viazi vyake husagwa kuwa kinywaji cheupe kinachouzwa mikahawani. Gugu la huku ni zao la kule.

Kutofautisha ndago na nyasi kuna faida nyingine inayohusu mfuko. Madukani kuna dawa za kuua magugu zilizotengenezwa kushambulia jamii ya nyasi pekee, zinazopulizwa katika maharagwe na mboga bila kuyadhuru mazao. Dawa hizo hazifanyi lolote kwa ndago. Asiyejua kwamba gugu lake lina pembe tatu hununua, hupuliza, hungoja wiki mbili, kisha hurudi dukani kugombana na muuzaji. Tiba nafuu hutokana na tabia za gugu lenyewe. Ndago haipendi kivuli, kwa hiyo viazi vitamu au kunde zilizositawi na kuufunika udongo huidhoofisha. Viazi vyake pia hufa vikianikwa juani hadi kukauka kabisa, hivyo kulima wakati wa kiangazi na kuviacha juu ya udongo kuna maana kuliko kulima udongo ukiwa umelowa.

KIULIMI NA WATAMBAAJI WATATU

Pale jani la nyasi linapoachana na ala, upande wa ndani unaotazamana na bua, pana kijisehemu kidogo ambacho wataalamu hukifananisha na ulimi. Kukiona, jani huvutwa nyuma taratibu hadi likaachana na bua. Kwa baadhi ya nyasi kiulimi hicho ni utando mwembamba kama karatasi ya sigara. Kwa nyingine ni safu ya nywele. Kwa chache hakipo kabisa. Ndago kwa kawaida hazina kiulimi cha kuonekana. Kwa kuwa hakibadiliki kwa mbolea, kwa ukame wala kwa kuliwa na ng'ombe, kiulimi ni shahidi wa kutegemewa kuliko urefu au rangi ya mmea.

Faida yake huonekana kwa nyasi tatu zinazotambaa ambazo wakulima wengi wa nyanda za juu huziweka kapu moja. Ya kwanza ni sangari, Digitaria abyssinica, adui wa zamani wa kahawa, chai na pareto katika Afrika Mashariki, mwenye nyuzi ndefu nyeupe zinazopenya chini ya udongo kama waya. Kiulimi chake ni utando. Ya pili ni ukoka, Cynodon dactylon, wenye kiulimi cha nywele fupi na vidole vitatu hadi sita vya maua vinavyotokea mahali pamoja kama kiganja. Vidole vya sangari havikutani pamoja hivyo. Hupishana kwenye mhimili mfupi. Ya tatu ni nyasi ya kikuyu, iliyonenepa kila mahali, mashina na majani, nayo pia ina kiulimi cha nywele. Maua yake hujificha ndani ya ala hata wengi huapa kwamba haichanui. Kinachoonekana ni nyuzi nyeupe tu alfajiri, kama utando wa buibui juu ya malisho. Jina lake la kisayansi lina maana ya kufichika.

Kuna ukoka mwingine mrefu, Cynodon nlemfuensis, ambao hutambaa juu ya ardhi tu na hauna mashina ya chini ya udongo. Huo hung'oleka. Wenzake wenye mashina ya chini hukatikia mkononi, na kila kipande kinachobaki huwa mche mpya. Kwa hiyo kabla ya kuajiri vibarua wa kung'oa, ni heri kuchimbua shina moja na kulitazama.

Wakulima wa mpunga wa Ahero, katika nyanda za chini karibu na Ziwa Victoria, nao hutegemea kiulimi kwa jambo lao. Mpunga mchanga una kiulimi kirefu na vijisikio viwili vyenye nywele pembeni. Echinochloa colona, gugu linalofanana nao mno, halina kiulimi wala vijisikio.

WIMBI NA NDUGUZE WA PORINI

Hapa ndipo penye uzito kwa Nyamarambe. Wimbi, au ulezi kama wanavyoliita majirani wa Tanzania, lilianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia miaka elfu kadhaa iliyopita, na mzazi wake wa porini hakwenda popote. Bado anaota kando ya barabara, mipakani na ndani ya shamba lenyewe. Kwa hiyo mkulima wa wimbi hana gugu geni la kupambana nalo. Anapambana na nasaba ya zao lake.

Nduguze wawili ndio wenye kutatiza. Mmoja ni Eleusine indica, mdogo, mwenye kulala chini kama gurudumu lililotandazwa, mabua yamebonyea kabisa na shina lake jeupe kwa chini. Mizizi yake imeshika ardhi hata mtoto akiivuta huanguka yeye. Huyu hutambulika mapema: wimbi la shamba husimama wima na bua lake ni nene zaidi. Shuke lake lina vidole vyembamba vilivyonyooka, na punje zake, zikitazamwa kwa kioo, zina mistari ya mshazari iliyochorwa ubavuni.

Wa pili ni Eleusine africana, na huyu ndiye mjanja. Wanasayansi wengi humhesabu kuwa sehemu ya spishi moja na wimbi lenyewe. Sababu iko katika kromosomu: indica ana 18, ilhali africana na wimbi wana 36 kila mmoja, kwa hiyo hao wawili huchavushana shambani na kuzaa watoto wenye uwezo wa kuzaa. Matokeo yake ni mimea ya kati, nusu ya porini na nusu ya nyumbani. Katika umri wa palizi ya kwanza hakuna alama ya jani inayoweza kumtenga africana na wimbi kwa hakika, na mtu anayedai kuwa na jicho la kuitenga miche hiyo kila mara anajisifu kupita kiasi.

Kinachowatenga ni shuke. Vidole vya wimbi la kulimwa ni vinene, vingi vyao vikijikunja kuelekea ndani kama ngumi inayotaka kufumba, na punje zake ni duara, laini, zimefura hadi zikachungulia nje ya makapi. Za africana zimerefuka kidogo, zimefichwa ndani ya makapi, na vidole vyake ni vyembamba na vilivyonyooka zaidi. Tofauti kubwa kuliko zote hujitokeza wakati wa kukomaa. Shuke la wimbi likipigwapigwa kwenye kiganja hushikilia punje zake mpaka litwangwe. La mwitu huvunjika vipande vipande na kumwaga kila kitu. Wazee wa kale waliolifuga wimbi hawakuwa na elimu ya kromosomu, lakini walichagua msimu baada ya msimu yale masuke yaliyokataa kumwaga, na uchaguzi huo ndio uliotengeneza zao.

Kwa hali hiyo, mbinu ya kutambua huambatana na mbinu ya kupanda. Wimbi likimwagwa kwa mkono jinsi ilivyokuwa desturi, miche huota shaghalabaghala na hakuna ishara ya kuiongoza palizi. Likipandwa kwa mistari, kila mche ulio nje ya mstari huhesabiwa gugu na kung'olewa, hata kama jani halisemi lolote. Wale wa mwitu waliobahatika kuota ndani ya mstari hungojwa watoe shuke, kisha hung'olewa kabla hawajaanza kumwaga. Kuna kipindi cha siku chache tu baina ya shuke kutambulika na mbegu kudondoka, na mkulima aliyesafiri siku hizo kwenda sokoni Kisii hurudi akute kazi imekwisha kuharibika.

Mbegu ya msimu ujao ndiyo hatari nyingine. Anayechukua mbegu kutoka kwenye lundo lililokwisha kupurwa huchukua wa shamba na wa porini pamoja na machotara wao. Aliye mwangalifu hukata masuke kwa mkono kutoka katikati ya shamba, mbali na mipaka yenye magugu, huku akiyakagua moja moja na kuyaweka kando yale yenye vidole vyembamba au yanayomwaga yakiguswa.

Magugu haya ya ukoo wa wimbi yana dhambi nyingine. Ugonjwa wa blasti, ambao ni ukungu unaokausha shingo na vidole vya shuke kabla punje hazijajaa, umewatesa kwa muda mrefu wakulima wa wimbi wa magharibi mwa Kenya, Kisii ikiwemo, na nyasi mwitu za kundi la Eleusine huweza kuuhifadhi zao linapokuwa halipo shambani. Kuacha Eleusine indica ikisitawi kando ya uzio ni kuuwekea ugonjwa kitanda.

VIDOLE, MIKIA NA HARUFU

Nyasi zenye shuke la vidole ni nyingi, na si zote ni wimbi wala ukoka. Dactyloctenium aegyptium ina vidole vifupi vinene, na ncha ya kila kidole ni mwiba mtupu usio na maua, alama ambayo mtu akiionyeshwa mara moja haisahau. Nyasi ya Rhodes, Chloris gayana, inayopandwa kwa ajili ya hei, ina vidole vingi vyenye ndevu nyembamba. Jina hilo lilitokana na Cecil Rhodes, aliyeikuza Afrika Kusini.

Zenye shuke mfano wa mkia wa paka nazo huwachanganya watu, hasa Setaria na jamaa za mabingobingo. Dawa yake ni kuupitisha mkia uliokomaa baina ya vidole viwili. Kwa Setaria, vishuke hutoka na nywele ngumu hubaki kwenye mhimili. Kwa jamaa za mabingobingo, nywele hutoka pamoja na vishuke na mhimili hubaki uchi.

Imperata cylindrica hujulikana kwa mkia wake mweupe unaong'aa kama pamba, lakini hata bila mkia, uti wa jani lake hauko katikati. Umeegemea upande mmoja. Ncha za mashina yake ya chini zimechongoka kiasi cha kutoboa kiazi. Rottboellia cochinchinensis, gugu la mahindi na miwa, haihitaji macho, kwani ala zake zina nywele za kioo zinazovunjikia vidoleni na kuwasha. Melinis minutiflora hunata mkononi na kunukia kama sukari guru, harufu isiyohitaji kuelezwa katika eneo la wakulima wa miwa. Nyasi hiyo ilipata sifa baada ya watafiti wa icipe, ambao kituo chao cha shambani kipo Mbita kando ya Ziwa Victoria, kuonyesha mwaka wa 1997 kwamba ikipandwa baina ya mistari ya mahindi harufu yake hufukuza wadudu wanaotoboa mabua.

Wenye ng'ombe wana sababu yao ya kujifunza. Mtama mwitu, Sorghum arundinaceum, hufanana na mtama wa shamba ila shuke lake ni legevu na punje hudondoka. Machipukizi yake machanga, hasa yanayotoka baada ya ukame, hubeba sumu ya sianidi inayoweza kumwangusha ng'ombe kwa muda mfupi. Mabingobingo nayo, yanapodumaa na majani kugeuka manjano, huenda yameshikwa na ugonjwa wa kudumaa ulioenea magharibi mwa Kenya, unaosababishwa na vijidudu viitwavyo fitoplasma na kusambazwa na mdudu mrukaji wa majani. Shina lenye dalili hizo hung'olewa. Vipandikizi vyake havifai kupewa jirani. Ukoka na nyasi nyingine mwitu zinazozunguka shamba zimewahi kukutwa na fitoplasma pia, kwa hiyo nyasi nyeupe au ya manjano mpakani isidhaniwe kuwa imekosa mbolea tu.

MABONDENI

Ndago hazikuumbwa zote ziwe adhabu. Katika mabonde yanayopeleka maji Mto Kuja, ambao Abagusii huuita Gucha, ndago kubwa kama Cyperus latifolius na mafunjo huchuja matope na kuyapunguza kasi maji ya mvua. Mafunjo huweza kufikia mita nne au tano, bua lake la pembe tatu halina jani, na kileleni hubeba fundo la nyuzi kama nywele zilizosimama. Vijindago vya kundi la Kyllinga, vyenye kijitufe kimoja cheupe kileleni na shina linalonukia likifikichwa, huota penye unyevu hata katikati ya uwanja wa mpira. Mtu akikuta shamba lake la juu limeota ndago za bondeni, ajue maji yanatuama chini yake, na huenda mtaro ukahitajika kabla ya mbolea. Sehemu nyingi za mabonde ya Kisii zimekaushwa kwa kupandwa mikaratusi au kuchimbwa udongo wa matofali, na mimea hiyo imepungua nayo.

MAJINA NA USHAHIDI

Majina ni tatizo la kudumu. Neno moja la Ekegusii au la Kiswahili huweza kubeba aina tatu, na aina moja ikawa na majina mawili katika vijiji vinavyotazamana. Majina ya kisayansi nayo hayatulii. Mabingobingo na nyasi ya kikuyu, zilizoitwa Pennisetum katika vitabu vya zamani, zilihamishiwa Cenchrus mwaka wa 2010. Panicum maximum imekuwa Megathyrsus maximus. Brachiaria nyingi sasa ni Urochloa, na Kyllinga imeunganishwa na Cyperus na baadhi ya wataalamu. Msomaji asishtuke akikuta jina la kale. Mmea ni ule ule.

Vitabu vya kuaminika vipo, ingawa kwa Kiingereza. Mwongozo wa nyasi za Kenya wenye michoro, ulioandikwa na K. M. Ibrahim na Christine Kabuye na kutolewa na shirika la FAO mwaka wa 1987, bado haujapata mshindani kwa mtu wa shambani. Ndago zilipata kitabu chao mwaka wa 1983, kazi ya Haines na Lye. Mfululizo mkuu wa mimea ya Afrika Mashariki, ulioanza kuchapishwa mwaka wa 1952 na kukamilika mwaka wa 2012, ulishughulikia nyasi katika sehemu tatu, za miaka ya 1970, 1974 na 1982, na ndago mwaka wa 2010.

Mmea unaogoma kutambulika huweza kupelekwa kwenye Hebaria ya Afrika Mashariki, hifadhi ya mimea mikavu iliyoanzishwa Amani, katika Tanzania ya leo, mwaka wa 1902, na kuhamishiwa Nairobi mwaka wa 1950, ambako iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kinachopelekwa si jani moja lililonyauka mfukoni. Mmea huchimbuliwa mzima, na mizizi, viazi au mashina ya chini, kwa kuwa bila hivyo sangari na ndago hazina utambulisho kamili. Huoshwa udongo, hukunjwa mfano wa herufi N ukiwa mrefu, kisha hulazwa baina ya kurasa za gazeti na kukandamizwa kwa mbao na mawe. Kando yake huandikwa mahali, tarehe, aina ya udongo, kimo, rangi ya maua ingali mbichi, na jina ambalo wenyeji hulitumia, hata kama wawili wametofautiana. Gazeti hubadilishwa kila siku katika siku za kwanza, kwa sababu ndago hasa zina maji mengi shinani, na zikiachwa katika karatasi iliyolowa huota ukungu kabla hazijafika Nairobi.